Mrija wa Mtani

Msafara ulikuwa umekwisha kuanza kupanda ukuta wa bonde, magari yakifuatana kama siafu, na gari la Theofrida Mbano lilikuwa la mwisho, la kula vumbi la wenzake. Chini nyuma yao mji wa visima ulikuwa bado unaonekana: mapaa ya bati, minara mirefu ya mawasiliano, na upande wa ziwa lililokauka ukimeta chumvi hadi macho yanauma. Gesi ya heli ilikuwa imekwisha ardhini. Kampuni ilitaka kila mtu atoke kabla mafundi hawajaing'oa minara jioni ile. Hakuna aliyelia. Watu waliokuja mahali kutafuta maisha hawalilii mahali hapo, hufunga mabegi na kupanda gari.

Kwenye kona ya pili uchungu ukamjia Theofrida mdomoni. Ulianzia chini ya ulimi, kama mtu aliyelamba jani la mwarobaini, ukapanda hadi kwenye fizi.

Dereva, Kisinza, Msukuma mmoja mnene mwenye macho ya kuona kila kitu, alimtazama kwa pembeni. "Sista, mbona umekunja uso? Vumbi?"

"Si vumbi. Ni yule Mhehe wangu."

"Luhanga? Si yuko gari la mbele?"

"Ndivyo alivyoitika wakati wa kuitwa majina."

Maji ya visima vile yalikuwa na chumvi iliyobana njia za nyongo ndani ya watu. Mtu akinywa maji yale miaka michache, nyongo ilikosa pa kupita, macho yakawa ya manjano, ngozi ikawasha. Basi kila mtu aliwekewa mrija. Mirija ile haikuwa ya plastiki kama ya zamani. Ilikuwa hai, imeoteshwa kwenye maji ya uvuguvugu, miwili miwili kutoka mbegu moja, na kila mmoja ulimsikia pacha wake kupitia minara. Wa kwako ukiziba, uchungu haukuja kwako. Ulikwenda mdomoni mwa mwenye pacha. Waliobuni jambo hilo walijua tabia ya binadamu: homa yake mwenyewe mtu huivumilia mpaka imuue, lakini uchungu wa mwenzake hakai nao kimya.

Walijaribu kwanza kuwapa mume na mke. Wakapata hofu na ugomvi. Wakajaribu marafiki, marafiki wakafichiana. Ndipo mzee mmoja wa kule akasema, wapeni watani. Mtani hana aibu. Mtani atasimama katikati ya uwanja na kupiga kelele kwamba fulani nyongo imemwozea tumboni, na fulani ataburutwa hospitali watu wakicheka. Wangoni wakaunganishwa na Wahehe, Wasukuma na Wazaramo, na vifo vikapungua. Theofrida Mbano, Mngoni wa Peramiho, muuguzi wa mirija, yeye aliwekewa kwenye njia ya kongosho, maana kwake chumvi ilibana hapo. Pacha wake akawekwa kwenye njia ya nyongo ya Luhanga, Mhehe wa Ifunda, mlinzi wa kisima cha kusini, mbali kabisa chumvini.

Wiki zile za mwisho Theofrida alikuwa amewatoa watu wote mirija yao, wawili wawili, kila jozi siku moja, kwa sababu mrija ukikosa pacha wake huota mizizi. Hiyo ndiyo kasoro yake. Ukibaki peke yake unaanza kutafuta; unatoa nyuzi, nyuzi zinaingia kwenye nyama. Ilibaki jozi moja tu, yake na Luhanga, maana Luhanga kila siku alikuwa na sababu. Mara pampu, mara mguu. Wakakubaliana watatolewa wote wawili Mbeya.

Theofrida akaita gari la mbele kwa redio. Wakamjibu kwamba kwenye kiti cha Luhanga ipo kofia yake, na begi. Mwenyewe hayupo.

Akabadilisha mkondo. "Luhanga. Uko wapi?"

"Niko kwangu. Niliitika, nikashuka upande wa pili." Sauti ilikuwa ya karibu, yenye mikwaruzo. "Nimekaa naangalia Wangoni wanavyokimbia. Si mara ya kwanza. Babu zangu walikaa hivihivi wakiangalia migongo ya babu zako."

"Babu zako walikuwa wamejificha kwenye mtama. Una homa?"

"Nina baridi. Jua linachoma chumvi, na mimi meno yanagongana. Si nilikwambia asubuhi?"

Ni kweli alimwambia. Asubuhi, redio ikiwa wazi kwa kila mtu, alipiga kelele: "Wewe Mngoni, leo nakufa, njoo na sanda!" Na Theofrida, akiwa anafunga masanduku, akajibu, "Kufa kesho, leo nina safari!" Mji mzima ukacheka. Hayo ndiyo maneno ya watani, kuzikana kila siku. Hakuna Mngoni wala Mhehe ambaye angesikia maneno yale akaenda kutafuta dawa.

"Mhehe," akasema sasa, "ukifa nitakuzika na kichwa kikiwa chini, upate kuwaona wenzako."

Akangoja. Utani una mwendo wake, huyu akitupa yule anadaka. Redio ikachemka tu kama mafuta kwenye kikaango. Theofrida akahisi uchungu umefika kooni.

"Geuza gari, Kisinza."

"Sista, minara inang'olewa leo. Na mrija wako bado uko tumboni. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha habari za mizizi."

"Geuza."

Kisinza akasonya, akatafuta mahali pana, akageuza. Magari mengine yakaendelea kupanda. Hakuna aliyepiga honi.

*

Walimkuta amekaa chini, mgongo ukiegemea tangi la pampu, amejifunga blanketi mbili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe upande mmoja tu. Macho yake yalikuwa ya rangi ya binzari.

"Kamwene," alimwamkia kwa Kihehe. "Umeleta sanda?"

"Nimeleta dripu. Funua mkono."

Homa ilikuwa kali, mapigo ya moyo yalikimbia, na upande wa kulia chini ya mbavu hakutaka kuguswa. Hizo ndizo dalili tatu alizojifunza Theofrida akiwa msichana na ambazo hazijabadilika tangu dunia iwepo: manjano, homa ya kutetemeka, na maumivu pale. Nyongo imesimama, imeoza, na uozo unaingia kwenye damu. Mtu wa namna hiyo hangojewi. Safari ya Mbeya, kwa barabara ile, ingemwua kabla ya kufika.

Alimtundikia dripu kwenye msumari, akampa dawa ya kuua vijidudu. Wakati Kisinza anashusha sanduku la kamera na kuunganisha umeme wa jua, Theofrida aliona jambo. Juu ya meza ya bati kulikuwa na sahani moja na kijiko kimoja, vimeoshwa, vimefunikwa na kitambaa. Kando yake saa ya ukutani imesimama, haina betri.

"Unajuaje saa ya kula?"

Luhanga alivuta blanketi hadi kidevuni. Meno yakagongana, yakatulia.

"Wewe ukila, mrija wako unafunguka. Mimi huku naonja kitu chini ya ulimi. Si uchungu, ni kidogo tu, kama mtu kapita dirishani. Basi najua Mngoni amekaa mezani, nami napakua. Ukichelewa nachelewa. Siku uliyogombana na daktari mkuu hukula hadi jioni, nikalala njaa na mimi."

Theofrida alikuwa amesikia habari hiyo kwenye mafunzo, kwamba baadhi ya watu huhisi mlo wa pacha, haina madhara. Yeye mwenyewe alikuwa akiuhisi, akauita usumbufu.

"Miaka yote hii," akasema.

"Nimekula na mtu miaka yote hii. Hapa chumvini ambapo hata nzi haji." Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vya moto. "Sasa sikiliza. Huo uchafu toa. Mrija wangu uache."

"Luhanga, minara inaondoka. Utaota mizizi. Kama haujaanza tayari. Huu mnara wenu mbovu unalala siku tatu unaamka moja."

"Kaa, basi. Mirija ikiwa nyumba moja haihitaji mnara."

"Nina mjukuu Songea sijamwona."

"Basi nenda. Lakini mrija niachie, hata kama—"

"Hata kama utakuua?"

"Hata kama. Sifanyi utani, Theofrida."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Lilitoka kinywani mwake kama jina la mtu mwingine.

"Nitatoa uchafu," alisema Theofrida. Ndiyo ahadi aliyotoa, na hakuahidi zaidi.

*

Kwanza alimwekea kidonge cha kuingiza nyuma, cha kuzuia kongosho lisivimbe kwa kuguswaguswa.

"Nilijua," Luhanga akanung'unika, uso kwenye mto. "Mngoni hajawahi kupita mbele ya mtu."

Dawa ya usingizi ikamchukua akiwa bado anatafuta neno la pili. Kisinza akamshika bega asibingirike, na Theofrida akapitisha kamera ndefu mdomoni, kooni, tumboni, hadi kwenye kona ya utumbo ambapo nyongo na kongosho zinatokea kwenye mlango mmoja mdogo kama titi la mbuzi. Mrija ulikuwa pale. Ulipaswa kuwa mweupe na laini. Ulikuwa na rangi ya kahawa, mdomo umejaa tope, na alipougusa kwa ncha ya waya usaha ukaruka.

"Mungu wangu," alisema Kisinza.

"Mungu anaona. Wewe shika bega."

Akanyonya, akaosha, akapitisha puto dogo na kulivuta polepole likikomba matope ya nyongo. Nyongo safi ikaanza kutiririka, ya kijani, nzuri kuliko kitu chochote alichokiona siku ile. Kazi aliyoruhusiwa ilikuwa imeishia hapo. Kwenye kioo cha kamera, pembeni mwa mrija, aliona nyuzi. Nyembamba, za waridi, zimeshika ukuta wa njia kama mtoto anavyoshika khanga ya mama yake. Alijaribu kuuvuta kidogo tu, kupima. Nyama ikaja nao. Angevuta kwa nguvu, angepasua.

Mrija ulioota mizizi una dawa moja, ya zamani, kutoka enzi za mirija ya waya. Unaingiza mrija mwingine ndani ya ule wa kwanza, mpana zaidi, uliofunikwa kwa utando usioshikwa na mizizi. Huu wa pili unasukuma kutoka ndani, unaibana mizizi dhidi ya ukuta mpaka ife njaa. Unangoja siku kadhaa. Halafu unavuta yote miwili, inatoka kama jino bovu.

Alikuwa nao mmoja kwenye sanduku.

Kama angemngoja aamke amwombe, angekataa. Alikwisha kukataa, kwa akili zake, kwa jina. Kama angeacha, njia ingeziba tena mwezi huohuo, na hapo hakutakuwa na mtu wa kuonja uchungu. Angekufa pembeni ya tangi, sahani imeoshwa. Theofrida alisimama na waya mkononi kwa muda ambao Kisinza aliuona mrefu.

"Sista? Umemaliza?"

"Bado kidogo," alisema, akaupitisha mrija wa pili ndani ya wa kwanza.

*

Homa ilishuka. Manjano yalichukua muda, yakianza kuondoka kwenye macho. Jioni ya siku ile minara ilianguka mmoja mmoja upande wa mji. Waliisikia, ardhi ikigongwa, na baada ya hapo redio ikawa chuma tu. Lakini Theofrida alikuwa chini ya paa moja na Luhanga, na mirija ilisikiana.

Walikula pamoja. Kisinza alipika ugali na dagaa, akalalamika kwamba ameajiriwa kuendesha si kusonga, na watani wawili wakamwambia Msukuma hajui kazi ndogo. Mara ya kwanza walipokaa sahani moja, Luhanga alicheka mwenyewe.

"Nakuonja mara mbili. Mdomoni na mezani."

"Mara ya pili ni chumvi ya Kisinza."

Alikuwa akisema na kusema, kama pampu iliyofunguliwa. Alimweleza habari za mkewe aliyerudi Ifunda na kuolewa na mwingine, za miaka aliyohesabu malori kwa mlio, za tandu aliyemfuga kwenye kopo. Na kila walipokula, Theofrida alimwona akisita kidogo kabla ya tonge la kwanza, akisikiliza chini ya ulimi.

Siku ya nne alisita zaidi. Akameza. Akamtazama.

"Umekula?"

"Si unaniona nakula."

"Sikuonji vizuri."

Theofrida alijua sababu. Mizizi ilikuwa inakufa, na mrija wenyewe unakufa pamoja nayo. "Ni minara," alisema. Lilikuwa neno jepesi, likapita. Kisinza aliacha kutafuna, akainama akaangalia sahani yake.

Nje, akiosha vyombo, Kisinza alisema bila kumtazama, "Sista, yule hakukubali."

"Mtani huchukua. Akiingia nyumbani kwako akiona jogoo, anabeba. Kofia, anavaa. Huombi, na mwenyewe hanuni. Ndiyo desturi, ya kwenu na ya kwetu."

"Jogoo yuko uani, sista. Hayuko ndani ya mtu aliyelala."

Theofrida alichukua sahani akaipangusa. Kesho yake, asubuhi, alimwambia Luhanga kwamba anataka kumsafisha mara ya mwisho kabla hajaondoka.

"Safisha," alisema Luhanga, akijilaza mwenyewe upande wa kushoto kama mtu aliyekwisha kuzoea. "Nyie Wangoni mkikuta mlango wazi mnaingia, hata muambiwe nini."

Theofrida aliyachukua maneno hayo akayaweka mahali pa ruhusa. Alijua hayakuwa ruhusa. Alijua pia kwamba akiuvuta huu, wa kwake utabaki peke yake tumboni, na Mbeya ni mwendo wa kutwa nzima kama barabara ikikubali, na hapa hakuna mkono wa pili wa kushika kamera. Mizizi ya kongosho haina subira kama ya nyongo. Hilo hakumwambia mtu. Aliona kwamba lilikuwa ni sehemu yake ya kulipa, ingawa hakuna aliyemdai.

Mirija ikatoka yote miwili kwa mvuto mmoja, bila damu ya kutisha. Akaiweka kwenye bakuli la chuma. Pacha wa mrija wake alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, amesinyaa, nyuzi zake zimelala upande mmoja.

Luhanga alipoamka alipewa maji. Akanywa. Akakaa, ulimi ukitafuta ndani ya mdomo, huku na huku, kama mtu anayepapasa taa gizani. Kisha akaliona bakuli.

Theofrida alikuwa ameyatayarisha maneno tangu alfajiri. Alinyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya uwanjani: "Mhehe, nimekuibia! Wangoni tumepita tena, nenda kaseme kwa babu zako!"

Akangoja adake.

Luhanga alilitazama bakuli mpaka chai aliyoileta Kisinza ikapoa. Akainua uso, macho yake sasa meupe, safi, ya mtu atakayeishi.

"Asante, sista," alisema.

Halafu akaomba kofia yake, akakumbuka kwamba iko gari la mbele.

*

Waliondoka pamoja asubuhi ileile. Njiani Luhanga alikaa nyuma na masanduku. Maumivu yalimpata Theofrida kabla ya Chunya, tumboni yakichoma hadi mgongoni, na aliingizwa hospitali Mbeya akiwa amebebwa na Kisinza. Mrija wake ulitolewa, na kipande cha kongosho kikaharibika nao. Aliishi kwa sindano za sukari na vidonge vya kumeza kila mlo, akafundisha wauguzi Songea mpaka alipostaafu. Yule mjukuu wa Songea alipata kumwona. Alipofundisha habari ya mrija ndani ya mrija, alieleza yote, na yale ambayo hakumwambia mgonjwa, na wanafunzi walipomwuliza kama alifanya vema alisema mgonjwa alipona, akaendelea na somo.

Kampuni ilibadilisha jina. Mirija pacha iliachwa; siku hizi inatengenezwa isiyosikia kitu. Kisinza aliendesha malori ya saruji, akanunua lake, akalipindua, akaendesha ya watu tena. Mji wa visima umefunikwa na chumvi. Mara ziwa likijaa, maji yanafika kwenye tangi la kisima cha kusini.

Luhanga alirudi Ifunda, akafuga nyuki. Theofrida alimwandikia matusi ya utani kila Krismasi, na kila mara alijibiwa kwa adabu: ameshukuru, afya njema, awasalimie watu wa nyumbani na watoto.

Theofrida alipofariki, watani walijaa Peramiho. Wahehe walilala kaburini wakakataa kutoka, wakavaa gauni zake, wakamwigiza anavyotembea, na watu wakacheka huku wakilia kama inavyopasa. Luhanga alikuja, mzee wa fimbo sasa. Hakuigiza kitu. Chakula kilipotengwa alingoja kila mtu aanze ndipo akala. Baadaye aliingia ndani ya nyumba ya marehemu, akafungua kabati la vyombo, akachukua sahani moja na kijiko, akavitia kwenye mfuko wa koti. Binti wa marehemu alimwona. Hakumzuia, kwa sababu mtani haombi.

Luhanga alikufa Ifunda miaka michache baadaye, kwa uzee. Waliokwenda kumwosha walikuta meza imetengwa kwa watu wawili.